Homa ya wiki tano, malaria mara mbili, taifodi mara mbili: tuanze sindano?

Swali: "Daktari, kaka yangu ana miaka 34, anauza nyama buchani hapa Arusha na alfajiri huwa machinjioni. Hii ni wiki ya tano ana homa. Asubuhi anaamka salama, jioni mwili unachemka, usiku anatoka jasho mpaka shuka linalowa. Mgongo wa chini unamuuma na amepungua kutoka kilo 71 hadi 65. Kikohozi anacho kidogo tu. Mwanzo alipimwa kipimo cha haraka akaambiwa malaria, akameza dawa mseto. Baada ya siku 10 kipimo kikasoma malaria tena, akachomwa sindano tatu. Homa ikarudi, akapimwa Widal, kile kipimo cha damu cha taifodi, ikasoma 1:160, akapewa antibayotiki ya sipro siku 10. Alipata nafuu, sasa imerudi, na Widal ni ile ile 1:160. Wanasema ni taifodi sugu, inataka sindano za antibayotiki ya seftriaksoni siku 7. Sipro aliimaliza siku tisa zilizopita. Tuanze sindano? Na maziwa mabichi anayotuletea kutoka kwa wafugaji, watoto waendelee kunywa?"

Dada, poleni sana. Wiki tano za kumwona mtu anapungua huku kila zahanati ikitoa jina lake la ugonjwa zinachosha familia nzima. Jibu fupi ni hili: kama anatembea, anakula, anaongea vizuri na hana dalili za hatari nitakazozitaja huko chini, msianze seftriaksoni kesho. Mpelekeni ndani ya siku mbili tatu kwenye hospitali ya wilaya, ya mkoa au ya rufaa yenye maabara inayootesha damu, yaani inayoiweka damu chupani ili bakteria waliomo waote na kutambuliwa. Sindano hizo zinaweza kufuta ushahidi tunaouhitaji, na magonjwa mawili ninayoyahofia zaidi kwa kaka yako, kifua kikuu na brusela (homa itokayo kwa mifugo), haziyatibu.

Nianze na malaria, kwa sababu ndiyo iliyofungua njia. Kipimo cha haraka, kile cha tone la damu kwenye kikasha cha plastiki, hakitafuti kimelea chenyewe. Kinatafuta protini ambayo kimelea huiacha kwenye damu, na protini hiyo huendelea kuonekana kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, wakati mwingine zaidi ya mwezi. Kwa hiyo kipimo cha pili, siku 10 baada ya dawa mseto, kilikuwa karibu lazima kisome chanya hata kama dawa ilifanya kazi yake vizuri kabisa. Mtu aliyetibiwa karibuni hupimwa kwa hadubini, ambako mtaalamu anawaona vimelea na kuwahesabu. Sindano alizochomwa zimewekwa kwa malaria kali: mtu aliyechanganyikiwa, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au upungufu mkubwa wa damu. Kipimo cha kwanza huenda kilisema kweli, hasa kama wiki chache kabla alikuwa amesafiri kwenda nyanda za chini. Arusha mjini iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400 na malaria ya hapo hapo ni chache. Mwulize alilala wapi mwezi ule, na jibu mlibebe hospitalini.

Sasa Widal. Kipimo hiki kina jina la Fernand Widal, Mfaransa aliyekieleza mwaka 1896, na tatizo lake ni kwamba kinajibu swali tofauti na lile mnalodhani. Kinapima kingamwili, yaani askari ambao mwili umewahi kuwaunda dhidi ya bakteria wa jamii ya salmonela. Askari hao hubaki baada ya vita kwisha. Huweza pia kuonekana kwa sababu ya ndugu wengine wa bakteria huyo, chanjo ya taifodi, au hata homa nyingine kama malaria inayoamsha kinga nzima. Ili Widal iwe na maana inayotegemeka, damu hupimwa mara mbili kwa nafasi ya siku 7 hadi 14, na kiwango kinatakiwa kipande mara nne, kwa mfano kutoka 1:80 hadi 1:320 (namba ya pili ni mara ngapi damu ilizimuliwa na kingamwili bado zikaonekana). Ya kaka yako ilikuwa 1:160 na imebaki 1:160. Kwa kipimo hiki, kusimama pale pale kunaelekea zaidi kuwa alama ya jambo la zamani.

Chukua hesabu ya mfano tu, uone mtego ulivyo. Watu 100 wenye homa wanafika kituoni. Tuseme watano wana taifodi kweli na Widal inawakamata wanne. Kati ya wale 95 wasio nayo, tuseme mmoja katika kila watano ana kingamwili za zamani. Hao ni 19. Jioni daftari la maabara lina majibu chanya 23, na wenye taifodi ndani yake ni wanne. Wale 19 wanaondoka na antibayotiki, wengi wanapona kwa sababu homa yao ilikuwa ya virusi na ingeisha yenyewe, na kila mtu anaamini dawa ilifanya kazi. Kaka yako yupo kwenye lile kundi dogo ambalo homa haikuisha.

Je, taifodi sugu ipo? Ipo. Bakteria wa taifodi wanaostahimili sipro wamepatikana Afrika Mashariki, na hata baada ya matibabu mazuri wagonjwa wachache homa huwarudia ndani ya wiki chache. Ndiyo maana siiondoi taifodi kwenye orodha. Ila anayeweza kusema kwamba bakteria ni sugu ni maabara iliyomwotesha na kumjaribu kwa dawa mbalimbali. Bila kuotesha, neno "sugu" linamaanisha tu kwamba dawa haikusaidia, na sababu ya kawaida ya dawa kutosaidia ni kwamba ilipewa ugonjwa usiokuwepo. Taifodi isiyotibiwa ipasavyo pia huwa na mwendo wake: homa hupanda ngazi kwa ngazi wiki ya kwanza, kichwa na tumbo huuma, na hatari kubwa ya utumbo kutoboka huja karibu na wiki ya tatu. Mtu wa wiki ya tano anayeamka salama kila asubuhi hafanani sana na picha hiyo.

Kinachonisumbua katika maelezo yako ni jinsi kila kituo kilivyouliza swali moja la ndiyo au hapana, "ni malaria?", "ni taifodi?", na hakuna aliyekaa akaandika majina yote yanayowezekana kisha akayafuta moja moja. Si kosa la huku kwetu peke yake wala la zahanati moja. Mjini Moshi, jirani yenu, watafiti walifuatilia watoto na watu wazima 870 waliolazwa kwa homa kati ya mwaka 2007 na 2008. Wagonjwa 528 walipewa jina la malaria walipopokelewa. Waliothibitika kuwa nayo ni 14. Waliobaki walikuwa na mambo mengi, na kundi kubwa lilikuwa la magonjwa yatokayo kwa wanyama: homa ya mgunda, homa ya Q, homa za kupe, brusela. Daktari anayekaa ukanda huo na kumpokea mtu wa machinjioni akiwa na homa, wanyama wanapaswa kumjia akilini kabla hajaandika kipimo chochote.

Tuitengeneze basi orodha ya kaka yako. Kitu cha kwanza kinachoipunguza ni muda. Homa ya dengi humaliza kazi yake ndani ya siku 2 hadi 7. Mafua makali na chikungunya hivyo hivyo, ingawa chikungunya huacha maumivu ya viungo. Homa ya mgunda, ile iliyotangazwa Ruangwa mkoani Lindi mwaka 2022, husambazwa na mkojo wa panya na wanyama wengine na machinjioni ni mahali pake hasa, lakini kwa kawaida haikai wiki tano ikija jioni na kuondoka asubuhi. Wiki tano pamoja na jasho la usiku na kilo sita zilizopotea zinasukuma mbele magonjwa yanayokwenda polepole: kifua kikuu, brusela, maambukizi ya VVU pamoja na magonjwa mengine yanayofuata nyuma yake, usaha uliojificha ndani (kwenye ini, kwa mfano), maambukizi ya vali za moyo, na saratani za damu na tezi. Homa ya papasi, inayokuja siku chache, ikakata, ikarudi baada ya wiki, ningeiuliza kama angekuwa amelala kwenye nyumba za udongo maeneo ya Dodoma. Inaonekana kwenye hadubini ile ile ya malaria, sababu nyingine ya kuitaka hadubini.

Kitu cha pili ni kazi yake. Brusela ni bakteria wa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Wafugaji wanaujua ugonjwa huo kwa jina la kutupa mimba. Kwa binadamu huingia kwa maziwa mabichi, na kwa mchinjaji huingia pia kwenye michubuko ya vidole, kwa damu na maji ya uzazi yanayorukia macho, na kwa kuvuta hewa wakati wa kupasua mnyama mwenye mimba. Dalili zake ni zile ulizoandika karibu neno kwa neno: homa inayopanda na kushuka kwa wiki nyingi, jasho jingi la usiku, uchovu, maumivu ya viungo na hasa mgongo wa chini, pale uti unapokutana na nyonga. Wanaume wengine huvimba korodani moja. Swali hilo aulizwe na daktari au rafiki yake wa kiume, maana kwa dada anaweza kunyamaza, na jibu lake lina uzito.

Ila hapa naomba tusifanye kosa lile lile kwa jina jipya. Vituo vingi vina kipimo cha brusela cha kuchanganya tone la damu na dawa kwenye kigae, na kina udhaifu wa aina ile ile ya Widal: mtu anayeshika nyama mbichi kila siku anaweza kuwa na kingamwili za zamani bila kuumwa. Kipimo hicho cha kigae, kiitwacho Rose Bengal, kikiwa chanya, kithibitishwe kwa kipimo cha viwango kwenye mirija au kwa kuotesha damu. Na maabara iambiwe mapema kwamba brusela inashukiwa, kwa sababu mbili: bakteria huyu anaweza kuchelewa kuota, hivyo chupa zisitupwe haraka, na anaambukiza kirahisi wafanyakazi wa maabara wasiojihadhari.

Kitu cha tatu ni ugonjwa ambao tukiukosa tunajuta: kifua kikuu. Watu wengi wanasubiri kikohozi kikali na damu. Maswali ya uchunguzi ni manne, kikohozi, homa, jasho la usiku na kupungua uzito, na kaka yako ana matatu kamili na la nne kidogo. Tena kifua kikuu hakikai kifuani tu. Kinaingia kwenye tezi, tumboni, na kwenye pingili za uti wa mgongo, na huko huanza kama maumivu ya mgongo ya kawaida ambayo mtu mwenye kazi ya kubeba nyama atayalaumu mizigo. Makohozi yapimwe kwa mashine ya GeneXpert, hata kama ni machache. Mashine huchukua takribani saa mbili na husema pia kama bakteria ni sugu kwa rifampisini. Atoe makohozi ya asubuhi, kutoka ndani kifuani, maana mate hayatoi jibu. Kipimo na dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali.

Niseme kitu kuhusu ile nafuu aliyoipata kwa sipro, kwa kuwa inawapotosha wengi. Siprofloksasini ina nguvu kidogo dhidi ya kifua kikuu na dhidi ya brusela pia. Haiponyi hata kimoja kati ya hivyo, ila inaweza kuvituliza kwa muda, na baada ya kozi ugonjwa unarudi. Nafuu ya siku kumi na kurudi kwa homa, kwa macho yangu, inaelekeza huko zaidi kuliko kwenye taifodi.

Mpangilio wa kupima una sababu yake. Dawa za brusela kwa kawaida ni doksisaiklini wiki 6 pamoja na rifampisini wiki 6, au doksisaiklini hiyo pamoja na sindano za streptomaisini wiki 2 hadi 3. Rifampisini ni nguzo ya matibabu ya kifua kikuu. Mtu mwenye kifua kikuu akipewa rifampisini bila dawa zenzake, kwa kudhani ana brusela, atapata nafuu, kisha bakteria watajifunza kuishi nayo, na atarudi na kifua kikuu sugu ambacho matibabu yake ni magumu zaidi. Kwa hiyo kifua kikuu kitafutwe kwanza kwa bidii, ndipo mtu aguse dawa za brusela. Duka la dawa likikuuzia "dozi ya brusela" kwa jibu la kigae, kataa.

Kipimo cha VVU kiwe cha siku ya kwanza. Siulizi maisha yake. Jibu la kipimo hicho hubadilisha orodha yote: likiwa chanya, kifua kikuu kinapanda juu kabisa, yanaongezeka magonjwa ya fangasi, na kuna kipimo cha mkojo cha kifua kikuu kinachosaidia kundi hilo hasa. Likiwa hasi na kulikuwa na hatari ndani ya miezi mitatu iliyopita, lirudiwe, kwa sababu kingamwili za VVU huchukua wiki kadhaa kuonekana.

Hospitalini tarajieni haya: hadubini ya malaria, VVU, picha kamili ya damu, vipimo vya ini na figo, mkojo, eksirei ya kifua, makohozi kwa GeneXpert, Rose Bengal, na ultrasaundi ya tumbo kuangalia ini, wengu na tezi za ndani. Daktari amsikilize moyo kwa makini na kugonga pingili za mgongo moja moja. Mahali panaposhtua maumivu kwa kugongwa ni taarifa kubwa isiyogharimu kitu. Eksirei ya mgongo inaweza kuonekana safi wiki za mwanzo hata kama ugonjwa upo, kwa hiyo maumivu yakizidi, picha safi isiwatulize. La muhimu kuliko yote, damu ya kuoteshwa: chupa mbili, kila moja ikitolewa kwenye mkono tofauti, mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, ngozi ikisafishwa vizuri, kabla ya antibayotiki yoyote. Damu kidogo ni kosa la kawaida. Bakteria wa homa hizi huwa wachache kwenye damu, na mililita mbili zinaweza kumkosa kabisa. Hata ikifanyika vizuri, kuotesha damu hukosa sehemu kubwa ya taifodi za kweli, kwa hiyo jibu hasi husomwa pamoja na mgonjwa mwenyewe. Siku tisa alizokaa bila sipro zimewasaidia hapa. Msizipoteze.

Kabla ya kwenda, tafuta kipimajoto na daftari. Mpime kwapani asubuhi na jioni, kabla ya panadoli, uandike saa, joto, na dawa aliyomeza. Kwapani, 37.5 kwenda juu ni homa. Panadoli isizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na vikigawanywa kwa saa. Sindano za diklofenaki za kukata homa ziachwe. Zinaficha mwendo wa joto na zinaumiza figo za mtu aliyepungukiwa maji. Bebeni karatasi zote za majibu na makasha ya dawa. Jambo la kwanza aseme kazi yake, "nachinja na kuuza nyama, nakunywa maziwa mabichi." Sentensi hiyo inaweza kuokoa wiki mbili za kuzunguka.

Kuna hali moja ambamo ushauri wangu wa kusubiri unafutika. Akichanganyikiwa au kulala kusikoamshika, akipumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, shingo ikikakamaa, macho yakiwa ya manjano, akitoka damu, akishindwa kunywa au kukaa nusu siku bila mkojo, tumbo likiuma ghafla na kuwa gumu kama ubao, mpelekeni usiku huo huo. Hapo daktari atachukua damu ya kuotesha na kuanza antibayotiki ndani ya saa ile ile, pengine hiyo hiyo seftriaksoni, na atakuwa sahihi. Na kwa sababu ya mgongo wake naongeza mawili: miguu ikianza kufa ganzi au kulegea, au akishindwa kukojoa, ni dharura, kwa sababu uti wa mgongo ukibanwa muda mrefu miguu inaweza isirudi.

Vipimo vyote vikirudi safi na homa ipo, msirudi zahanati kutafuta Widal ya tatu. Mara nyingi hapo hulazwa akachunguzwa upya kutoka mwanzo, tezi iliyovimba ikakatwa kipande, moyo ukapigwa ultrasaundi, wakati mwingine uboho wa mfupa ukachukuliwa. Ugonjwa unaojificha wiki ya tano unaweza kujitokeza wiki ya saba.

Kuhusu maziwa: watoto wasinywe mabichi tena kuanzia leo, hata yakitoka kwa mfugaji mnayemwamini, kwa kuwa ng'ombe mwenye brusela anaweza kuonekana mzima kabisa. Chemsha mpaka yafure na kupanda, punguza moto, yaache yatokote dakika chache ukikoroga. Mtindi uliogandishwa kwa maziwa yasiyochemshwa hauko salama, maana uchachu hauwaui bakteria hawa kwa uhakika. Chemsha kwanza, poza, kisha gandisha. Kaka akithibitika brusela hamwezi kuipata kwa kukaa naye nyumba moja, lakini aliyekunywa maziwa yale na kupata homa apimwe. Akithibitika kifua kikuu, wote mnaolala naye nyumba moja mtaitwa kuchunguzwa, watoto wa chini ya miaka mitano wakiwa wa kwanza, na kama hawana ugonjwa watapewa dawa ya kinga. Hadi jibu litoke, madirisha yake yawe wazi na watoto walale chumba kingine.